Sifuri Tatu

Haitham alipokwenda kusoma aliniachia kompyuta,
na ndani yake timu ya besiboli, watu ishirini na sita.
Akasema, "Shangazi, usiwaache wafe njaa."
Mimi hilo rungu lao sijapata kuliona.
Lakini mishahara naijua.
Mwaka wa kumi na tisa huu nalipa watu, Wadi Kabir,
kampuni ya mabomba, juu ya duka la matairi,
nalipa kwa riali na baisa, nukta na tarakimu tatu,
na haijanipotea hata moja.

Basi usiku, Al Khuwair, kiyoyozi kinakohoa,
nafungua ukurasa wa fedha.
Kitu cha kwanza nilifuta dola.
Mchezo unaruhusu: weka sarafu yako, weka nukta zako.
Nikaandika riali, nikaongeza sifuri tatu,
na papo hapo wale vijana wa watu
wakawa wangu, kama wageni
waliokwisha vua viatu mlangoni.

Kisha tiketi. Nikashusha.
Riali moja na baisa mia mbili, mtoto bure.
Nani atalipa zaidi kukaa juani?

Halafu nikafika mahali pakanikalisha kitako.
Kuna kijiti cha kusogeza, kimeandikwa Mwenye Timu:
kushoto bahili, kulia karimu,
na katikati kidole changu.

Nilicheka peke yangu hata chai ikapoa.
Miaka yote hii nagonga mlango wa Bwana Mundhir,
faili kifuani, "Tarehe saba imepita, bwana,"
naye macho kwenye simu, "Wiki ijayo, inshallah, Zuwena."
Kumbe dawa yake kijiti,
unakisukuma hivi, kwa ukucha.

Nikakisukuma mpaka mwisho.

Nina mdakaji, Brannock, miaka thelathini na minane,
goti limekwisha. Mchezo wenyewe wanishauri nimwache,
kwa maandishi mekundu: mchezaji huyu ni hasara.
Nimempa mkataba wa miaka mitatu.
Anakaa benchi, nadhani anatafuna mbegu,
na kila tarehe mosi chake kinaingia
kabla jasho halijakauka,
kama tulivyofundishwa chuoni, ingawa yeye
hata jasho hatoki.

Msimu wa pili tulishika mkia.
Wa tatu hazina ikatoboka,
na kisanduku kikaniuliza kwa adabu:
Je, ungependa kuzima fedha?

Kuzima. Kama taa ya chooni.
Ukizima, kila mtu analipwa
na hakuna anayelipa.

Sikuzima. Mimi mtu wa hesabu.
Mkono mtupu haulambwi,
na uliojaa hewa je?
Nikapandisha tiketi baisa mia,
nikamuuza mrushaji mmoja mwenye majivuno,
nikakirudisha kijiti kushoto, unywele mmoja.
Brannock sikumgusa.

Asubuhi, faili la mwezi wa sita bado liko mezani.
Majina arubaini na moja.
Shafiqul, fundi wa kuchomelea, amesimama mlangoni,
kofia mkononi. Haulizi kitu,
anatazama kalenda ya benki ukutani, ina picha ya ngamia,
na mwezi wa saba umekwisha funuliwa.
Namwambia, "Kaa." Namsogezea chai ya maziwa.
Nachukua faili, nagonga.

Bwana Mundhir anainua kichwa.
Namtazama usoni, tangu sikio la kushoto
mpaka sikio la kulia, taratibu,
natafuta pa kukishikia.